Jiwe la Bibi Nyamizi Chini ya Tela

Kambi ya Visima,
ng'ambo ya Igalula, Tabora.
Jumamosi, baada ya adhuhuri.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua hapo umeshaitikia marahaba kwa sauti, na kama kuna mtu karibu ameshangaa unazungumza na nani. Mimi mwili wangu mzima, kikohozi kile cha wakati wa baridi kimeniacha, nakula nashiba. Sijui goti lako linaendeleaje, na kama yule mbuzi mweusi alizaa salama. Huku mvua bado. Mawingu yanakuja mchana, yanatutisha kidogo, halafu yanakwenda zake.

Dada Mwanaidi aliniandikia kuwa umemaliza kisomo cha watu wazima na sasa gazeti unalisoma lote mpaka matangazo ya vifo. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Ndiyo sababu bahasha hii nimeiandika jina lako tu, na herufi nimezifanya kubwa. Barua zote za nyuma nilijua dada atazisoma kwa sauti barazani, watu wamejaa, nami nikawa naandika mambo ya kupendeza masikioni mwa watu. Hii isome peke yako kwanza. Imebeba aibu, Mama, na mwenye aibu ni mimi.

Nianze kwa kujisahihisha. Niliwaandikia kwamba mimi ni fundi wa visima. Mafundi wa visima wapo, ila ni wengine. Mimi kazi yangu ni tela. Ni kijumba cha bati chenye magurudumu mawili, kinavutwa na Landrova, na ndani mna kitanda, meza na jokofu dogo linalowaka kwa mafuta ya taa. Anayelala humo ni mtaalamu wetu, mzee mmoja kutoka Ulaya. Sisi tunamwita Mzee Penseli, maana sikio lake halijawahi kukosa penseli. Yeye ndiye anayetuonyesha pa kuchimba maji ya vijiji hivi vipya vya ujamaa. Ana ugonjwa wa sukari, anajidunga sindano asubuhi na jioni, na dawa yake sharti ikae kwenye baridi. Sasa jokofu la namna ile likiinama hata kidogo halipoi. Kwa hiyo kila tukihamia mahali, kabla hata chai haijaandaliwa, Issa wako analala kifudifudi kwenye vumbi kuisawazisha tela.

Usicheke, ni kazi inayotaka akili. Naweka pimamaji sakafuni mlangoni, kwa urefu, kisha kwa upana, naangalia kipovu cha ndani yake kinakimbilia wapi. Upande ulioinama naupiga jeki, nasukumiza magogo chini ya gurudumu, nateremsha polepole, napima tena. Mwisho nashusha miguu minne ya chuma ya pembeni. Kipovu kikitulia katikati, Mzee Penseli anaweka penseli yake mezani, na isipobingirika anasema, "Safi, Issa." Kiswahili chake hakiendi mbali sana na hapo, lakini neno hilo lilikuwa linanitosha kwa siku nzima. Magogo yenyewe nilikuwa nimeyachonga kwa mkono wangu, manne, ya mninga, na nilikuwa nayaringia.

Basi tulipokuwa tumepiga kambi Igalula, karibu na stesheni, kulikuwa na mama mmoja muuza chai ambaye hakuwa na viti. Jioni moja, tela imekwisha kufungwa tayari kwa safari ya kesho, nikampelekea magogo yangu ili wateja wakalie. Nikakaa na mimi, nikanywa chai, nikasimulia watu habari za visima kana kwamba nilivichimba kwa meno. Asubuhi tukang'oka. Nilikumbuka magogo tulipofika kambi mpya, Landrova imeshasimama na Mzee Penseli ameshateremka na chupa zake za dawa mkononi.

Ningesema tu. Igalula haikuwa mbali, gari lingekwenda na kurudi kabla ya adhuhuri, na dawa ingevumilia ndani ya kitambaa kibichi. Lakini siku chache nyuma nilikuwa nimemsema mwenzetu mmoja mbele ya watu wote kwa kusahau sepeto. Nilimwita kichwa cha panzi. Sasa kichwa cha panzi kilikuwa changu, nami sikuwa na uso wa kukionyesha.

Kambi yenyewe ilikuwa kando ya njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi kutoka pwani kwenda Tabora na kuendelea Ujiji. Karibu na hapo kulikuwa na mahame. Watu wake walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya, mwendo wa saa moja hivi kwa miguu. Nyumba zilibaki bila milango, majani ya paa yameanza kuingia ndani, na mahindi mawili matatu yameota yenyewe jikoni. Nikasema moyoni, hapa hapakosi jiwe bapa.

Nililipata nyuma ya nyumba ya mwisho. Lilikuwa jiwe la kusagia, Mama. Kubwa, limelika katikati likawa na bonde laini kama lako. Lilikuwa limegeuzwa, uso chini, na juu yake matawi. Na juu ya matawi palikuwa na nyasi zimefungwa kifundo.

Sihitaji kukueleza kifundo cha nyasi. Hata kwetu Kondoa, mtu akikata kuni zikamshinda kubeba, anafunga kifundo anaziacha, na hakuna mwenye akili atakayezigusa mpaka mwenyewe arudi. Kwa hiyo sitasema sikujua. Nilijua. Nilisimama pale nikakitazama. Nikajiambia hawa watu wamekwenda, hawatarudi, na kijijini wataletewa mashine ya kusaga, jiwe la nini tena? Nikakifungua kwa vidole vyangu, nikalipindua jiwe mpaka kwenye toroli, nikalisukuma mpaka kambini. Lilikuwa na unene hasa niliokuwa nautaka. Nilifika nikapiga jeki, nikalitia chini ya gurudumu la kulia, nikapima. Kipovu kikatulia katikati mara ya kwanza tu. "Safi, Issa," akasema Mzee Penseli.

Dereva wetu anaitwa Maganga, Mnyamwezi wa Nzega, mtu mzima, mpole. Alikuja akainama akachungulia.

"Hilo jiwe umelitoa wapi?"

"Kule korongoni," nikamwambia.

"Korongo la huku linasaga nafaka siku hizi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliondoka akaenda kufuta kioo cha gari ambacho alikuwa ameshakifuta.

Siku ya pili asubuhi akaja bibi mmoja. Alikuwa mwembamba, mrefu, kajifunga kaniki, na mkononi ana ngata kubwa ya nguo, ile ya mtu anayekuja kubeba kitu kizito kichwani. Alisalimu kwa kilugha chao, "Mwangaluka," na Maganga akamwitikia. Mimi nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, mwanangu, akakaa chini palepale mbele ya tela. Nikamletea maji. Alikunywa taratibu, akaeleza haja yake kwa Kiswahili kizuri kuliko changu.

Anaitwa Bibi Nyamizi. Siku ya kuhama, wapakizi wa lori walimwambia jiwe zito, achague jiwe au kitanda cha mumewe ambaye hajiwezi. Akachagua kitanda. Jiwe akalifunika, akaliwekea kifundo, akasema nikipata nguvu nitalirudia. Jana ndipo alipopata nguvu. Alikuta matawi yametupwa pembeni na alama ya gurudumu moja kwenye vumbi.

"Jiwe lile alisagia bibi yangu," alisema. "Misafara ikipita hapa, yeye na wanawake wenzake walikuwa wanauza unga kwa wapagazi. Akaachiwa mama yangu, mama akaniachia mimi. Hamkuona mtu akipita nalo, wanangu?"

Mama, jiwe lilikuwa hatua nne kutoka alipokaa. Maganga alinitazama. Wenzangu wawili walikuwa wanasuka kamba pale pale. Mzee Penseli alikuwa ndani anachora. Nikafungua mdomo nikasema, "Hapana, bibi. Hatukuona kitu."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Na sikuishia hapo, mwongo huwa hatosheki. Nikaongeza kwamba pengine ni watu wa lori walirudi. Yeye akatikisa kichwa polepole, akasema huenda. Kisha akafungua pindo la kaniki, akatoa karanga za kukaanga. Alikuwa amezibeba za kumpa yeyote ambaye angemsaidia kujitwika. "Chukueni nyinyi," akasema, "mmenipa maji." Akaondoka na ngata yake mkononi.

Zile karanga nilizila. Sijui kwa nini ninakuambia hili, lakini ndilo linaloniuma kuliko mengine. Nilikaa nyuma ya tela nikazila zote, moja moja, na zilikuwa tamu.

Kuanzia jioni ile Maganga hakula tena nami. Sisi huku ugali wetu sinia moja, watu wanne. Yeye akaja na bakuli lake, akajimegea, akakaa kwenye ngazi ya gari. Wenzetu walidhani tumbo linamsumbua. Hakunishtaki kwa mtu, wala hakunitolea neno baya. Nilipomwuliza, alinijibu kwa adabu kabisa, "Nakula vizuri hapa, ndugu yangu."

Utaniuliza, kwa nini hukulitoa? Kulikuwa na kazi ya nusu saa tu: jeki, gogo la mti wowote, basi. Kila siku nilisema kesho. Nilipanga tukihama nitalipeleka kimyakimya, nilitupe karibu na kijiji, aliokote mwenyewe, aone labda wezi wameona haya. Nilijitungia hadithi nzima nikaipenda. Nikakaa nayo wiki tatu, huku kila asubuhi napita mlangoni nakiona kile kipovu kimetulia katikati, na kazi yangu inasifiwa.

Siku ya kuhama ikafika. Nikapiga jeki, tela ikainuka, nikaingiza mkono kulivuta jiwe. Nilivuta nusu. Nusu nyingine ilibaki chini. Uzito ulikuwa umelipasua katikati ya lile bonde, sijui tangu lini. Mama, nililala pale chini ya tela nikashindwa kutoka. Mzee Penseli alidhani jeki imeniangukia, akaanza kupiga kelele kwa lugha yao. Nikatoka nikamwambia kwa ishara kuwa mimi mzima, nikawa nalia mbele yake, mtu mzima mwenye ndevu.

Nikaenda kwa Maganga. Nikamwambia, "Limepasuka." Hakuuliza nini. Alinipa baiskeli yake na gunia, akasema, "Kijiji kiko moja kwa moja na njia hii. Uliza Bibi Nyamizi, nyumba iliyo karibu na ghala." Hayo ndiyo maneno marefu aliyonipa kwa wiki tatu.

Nilisukuma baiskeli njia nzima, maana mzigo ulikuwa haukai. Kijiji kimenyooka, nyumba zimepangwa mstari, na mashine ya kusaga haijafika. Nilimkuta Bibi Nyamizi uani kwa jirani yake. Wanawake wenye mawe walikuwa wanasaga, na yeye amekaa pembeni na ungo wake wa mtama, anangoja wenyewe wamalize. Nilikukumbuka wewe ulivyokuwa ukiwasagia watu uwele wao, wakikuachia kibaba cha unga tukapata kula. Jiwe lako ndilo lililonilea. Nami nimemfanya mwanamke wa umri wako akae uani kwa watu kama mwombaji.

Aliniona, akanyanyuka, akanipeleka kwake. Mumewe alikuwa kwenye kile kitanda kivulini, amefunikwa mpaka kifuani. Nilifungua gunia nikavitoa vipande viwili nikaviweka mbele ya miguu yake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Nikaweza kusema moja tu: "Ni mimi, bibi."

Aliviunganisha kwa mkono, akapitisha kiganja kwenye bonde, hivi, kama anafuta unga. Kisha akasema:

"Najua. Nililiona."

Nikadhani sikusikia sawasawa. Akaendelea, hana hasira hata kidogo:

"Nyinyi mlikuwa mmesimama. Mimi nilikuwa nimekaa chini. Mtu aliyekaa chini anaona magurudumu. Nililiona kabla sijamaliza maji yako."

"Sasa bibi, mbona hukusema?"

"Niseme nini? Ndani kuna mgeni, nje kuna wenzako. Nimwite mtoto wa watu mwizi mbele yao, nikishamwita nitamrudishaje? Nikakuuliza ili useme mwenyewe. Hukusema. Nikasema, ana aibu, atakuja jioni. Jioni hukuja. Nikasema kesho. Kila nikienda kuazima jiwe, naangalia njia."

Wiki tatu, Mama! Mimi nasema kesho, na yeye anasema kesho. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Nilimwambia nitatafuta jiwe jingine, nitalichonga mwenyewe, nitalibeba kwa kichwa changu. Akanitazama mikono.

"Jiwe tutalitafuta, milima haijahama," akasema. "Lakini jiwe jipya linatoa mchanga miaka miwili, mpaka lizoee. Mimi sijui kama ninayo hiyo miwili. Hilo liache. Una mama?"

"Ninaye."

"Anasaga?"

"Anasaga."

"Anajua ulilolifanya?"

Mzee kitandani akacheka kidogo, kicheko cha kikohozi, akasema, "Hajui huyo."

Bibi Nyamizi akavisogeza vile vipande ukutani, akakaa. "Basi mwandikie," akasema. "Umwambie yote. Usiniweke mimi mzuri, wala usijiweke wewe mpumbavu asiyejua. Kile kifundo, mwambie ulikiona. Akikujibu, uje na jibu unisomee. Nataka nisikie mwanamke mwenye jiwe anasemaje. Nikishamsikia ndipo nitajua la kukuambia."

Ndiyo barua hii. Nimeianza mara nne. Mara ya kwanza kifundo nilikiacha, mara ya pili nikaandika kwamba kilikuwa kimelegea. Nimezichana zote. Kilikuwa kimekazwa vizuri, ilinibidi nitumie kucha.

Mzee Penseli nimemwambia habari ya magogo, Maganga akinifasiria kidogo. Alikasirika kwa siku moja, akaacha. Magogo yalikuwa bado Igalula, watu wamekalia. Maganga amerudi kwenye sinia, ila ananiachia nafasi kubwa ubavuni, na mimi sidai zaidi. Kambi mpya haiko mbali, kwa hiyo kila Jumapili nakwenda kijijini kwa Bibi Nyamizi na patasi. Nimepata jiwe mlimani nalichonga uani kwake, watoto wanakuja kutazama, na yeye anapita na ungo wake kwenda kwa jirani kusaga. Haniambii acha, wala haniambii endelea.

Nisalimie Mwanaidi, mwambie nafahamu ataudhika kwamba barua si yake. Msalimie baba mdogo anayeezeka paa la msikiti, na mjomba mwenye punda, na shangazi aliyenishonea kanzu ya kusafiria. Msalimie na mwalimu wako wa kisomo. Wakiuliza Issa anafanya kazi gani, waambie anasawazisha tela. Habari ya jiwe, wewe ndiwe utakayeamua wa kumwambia. Sikuombi unifichie.

Na jibu, Mama, usiniandikie mimi kama mwanao. Andika kama ungekuwa umekaa pale na ngata yako mkononi. Nitalisoma mbele yake neno kwa neno, sitaruka hata moja. Anangoja. Jumapili iliyopita nilipofika, kabla ya salamu aliniuliza kama posta imekuja, na barua hii nilikuwa bado naiandika na kuichana.

Mwanao,
Issa